Aliyeshika Kufuli Hapigi Kelele

"Dada, hela imekatwa lakini umeme haujaja."

Babati maneno hayo utayasikia kwenye kibanda chochote cha wakala, kuanzia stendi hadi njia panda ambako barabara itokayo Arusha inagawanyika, moja ikienda Kondoa na Dodoma, nyingine ikikata kuelekea Katesh na Singida. Jibu lake linajulikana kabla halijatoka mdomoni: "Vumilia kidogo mama, mtandao unasumbua." Hapo hakuna aliyesema uongo. Kuna siku jibu hilo ni kweli tupu, kama Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya Bahari ya Hindi, na Afrika Mashariki ikabaki inatazama duara linalozunguka kwenye kioo cha simu. Lakini jibu hilo limebebeshwa mizigo isiyo yake. Mnara ukikosa umeme, ni mtandao. Karani akisahau nywila, ni mtandao. Na lile tatizo linalonivutia mimi kuliko yote, la muamala ulioanza vizuri ukasimama katikati, nalo limetiwa gunia hilo hilo, hata siku ambayo mtandao ni mzima kabisa. Seva iko hewani. Prosesa yake imepoa. Ukiipima utasema haina kazi. Kinachoendelea ndani yake ni kungoja tu, na anayengoja hatumii nguvu nyingi.

Anangoja nini, na anamngoja nani? Nimekaa na swali hili muda mrefu, kwanza kwa sababu ya kazi, baadaye kwa sababu niligundua kwamba namna tunavyolijibu inatusema sisi wenyewe.

Muamala ndani ya hifadhidata ni ahadi yenye masharti makali. Kupunguza shilingi 10,000 kwa huyu na kumwongezea yule ni mambo mawili mbele ya diski, lakini mashine imeapa kuyatenda yote mawili au isitende hata moja. Aliyeifikiria ahadi hiyo kwa kina kuliko wengi ni Jim Gray, Mmarekani aliyefanya utafiti katika maabara ya IBM huko San Jose miaka ya 1970 na kupewa Tuzo ya Turing mwaka 1998. Katika makala yake ya mwaka 1981 alieleza kwamba wazo la muamala limetoka kwenye sheria ya mikataba: watu hujadiliana wapendavyo, lakini wakishatia sahihi wamefungwa. Baadaye yeye na Mjerumani Andreas Reuter, katika kitabu chao kinene cha mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliianzisha historia ya fani yao kwa Wasumeri na vibao vyao vya udongo. Kwa maoni yao, binadamu alianza kuandika ili aweke hesabu za mali. Sina ugomvi nao. Kwa Mangi yeyote mwenye duka na daftari la madeni, hilo si jambo la kuthibitishiwa.

Ili ahadi isivunjike hata umeme ukikatika ghafla, hifadhidata huandika kwanza kusudio lake kwenye daftari, ndipo huigusa data yenyewe. Umeme ukirudi hulisoma daftari hilo kuanzia pale ilipojihakikishia mara ya mwisho: yaliyotiwa sahihi huyatenda upya, yasiyotiwa sahihi huyafuta kana kwamba hayakuwahi kuwapo. Kila aliyepitia mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 akiwa na seva chini ya meza anajua utaratibu huu ulimwokoa mara ngapi bila yeye kushukuru.

Lakini kuna daftari la pili, la maneno, linaloandikwa kwa ajili ya macho ya binadamu: nani ameingia na kwa mashine gani, ombi gani limechukua muda kuliko kawaida, nani amekataliwa, nani anasubiri. Mafundi huliita logi. Madaftari haya mawili yakichanganywa ni balaa. Katika PostgreSQL, hifadhidata huria inayotumika kuanzia vyuo hadi mabenki, lile daftari la kwanza lilikaa miaka mingi kwenye folda ambayo jina lake lilikuwa na herufi za logi ndani yake. Fundi aliyebanwa na diski iliyojaa usiku wa manane aliiona, akadhani ni karatasi za zamani, akafuta. Alikuwa amefuta kumbukumbu ya mashine yote. Toleo la 10 lilipotoka mwaka 2017 folda hiyo ilipewa jina jingine. Ni badiliko dogo mno, lakini nalipenda kuliko vitu vingi vikubwa vilivyokuja na toleo lile, kwa kuwa waliolifanya hawakusema mafundi wa dunia wajifunze kusoma. Walikubali kwamba mtu mwenye usingizi atafuta kitu chenye jina la kufutika.

Sasa tuseme kuna chama cha akiba na mikopo mahali fulani hapa mjini. Sikitaji jina kwa sababu hakipo. Nakiunda kwa vipande vya mambo yanayotokea popote penye seva na kaunta. Ni msimu wa mbaazi. Zao hili ndilo lililoipa wilaya ya Babati sifa sokoni, na ndilo lililoilaza njaa mwaka 2017, India ilipozuia uingizaji na bei ikaporomoka. Siku hizi mbaazi hupita kwenye stakabadhi ghalani, na minada yake huendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Uzuri wake unajadiliwa sana vijiweni. Kwa seva, jambo lililobadilika ni moja: fedha huja kwa mkupuo. Zamani mkulima wa Galapo aliuza gunia moja leo, mawili wiki ijayo. Leo malipo ya watu wengi yanaingia siku moja, na wenye malipo hayo wanafika kaunta siku hiyo hiyo, ada za shule mkononi.

Asubuhi meneja wa chama anafungua ripoti ya mikopo kwenye kompyuta yake. Programu ya ripoti inafungua muamala, inasoma jedwali la akaunti, inachora jedwali lake zuri lenye rangi, kisha haifungi ilichofungua. Haikuandikwa ifunge. Simu inaita: kuna msiba Bonga. Meneja anachukua koti, anaondoka, kioo kinabaki kinawaka. Mpaka hapo hakuna aliyeumia, maana hifadhidata ya chama ni PostgreSQL, na humo msomaji hamzuii mwandishi. Madirisha matatu ya kaunta yanahudumia watu kama kawaida.

Saa tano na nusu fundi anakumbushwa kazi aliyoagizwa tangu juzi: aongeze safu ya namba ya NIDA kwenye jedwali la akaunti. Kazi ya kufumba na kufumbua. Ila kubadili umbo la jedwali kunahitaji kufuli kubwa, la mtu mmoja peke yake, na kufuli hilo halitolewi maadamu kuna msomaji ndani ambaye hajatoka. Fundi anabonyeza, anaona kimya, anangoja. Na hapa ndipo penye jambo ambalo hata mafundi wazoefu huliona kama mzaha mbaya: kuanzia sekunde hiyo, kila anayelitaka jedwali lile anapangwa nyuma ya fundi. Hata karani anayetaka kuangalia salio tu, ambaye dakika moja iliyopita angepita bila kubishiwa. Hifadhidata inaheshimu foleni. Haimruhusu mwepesi kumruka mzito aliyetangulia, kwa kuwa ikiruhusu hivyo, mzito hatapata zamu mpaka kiama. Madirisha yote matatu yanaganda kwa pamoja.

Baada ya sekunde 1 ya kungoja, seva huandika kwenye logi, ikiwa tu swichi ya kuandika habari za kufuli imewashwa. Kwa Kiswahili chetu mstari wenyewe ungesomeka hivi: mchakato namba 2207 bado unasubiri kufuli la peke yake juu ya jedwali la akaunti, baada ya milisekunde 1000 na ushee. Chini yake, kwa unyenyekevu, kuna nyongeza: anayelishikilia ni 1893, walio kwenye foleni ni 2207, 2210, 2214. Kisha 2210 naye anaandikiwa mstari wake wa malalamiko. Kisha 2214. Kisha wengine, mpaka ukurasa unajaa.

Namba 2207 ni fundi. Namba 2210 na 2214 ni makarani. Namba 1893 ukimtafuta kwenye logi ya saa hiyo humpati kama msemaji. Ametajwa na wenzake tu. Ili umwone mwenyewe lazima urudi nyuma hadi asubuhi, na kama uliwahi kuagiza seva iandike kila anayeingia, utakuta mstari mmoja: mchakato 1893 umeunganishwa kutoka kompyuta ya ofisi ya meneja. Baada ya hapo kimya. Hali yake kwa lugha ya hifadhidata ni ya mtu aliye ndani ya muamala bila kufanya lolote. Ni kama aliyefika bombani alfajiri, akatega ndoo yake chini ya koki, akaenda kupiga soga na simu: foleni inanung'unika hadi barabarani, na ndoo haisemi kitu.

Nimeiona sura hii ya logi ikijirudia mahali pengi kiasi kwamba siamini tena macho yangu ya kwanza. Jicho huhesabu kelele. Ukurasa wenye malalamiko mengi ya 2207 unamfanya 2207 aonekane ndiye mkorofi, na kusema kweli fundi yule hana tabia njema ya kubadili majedwali saa tano na nusu wakati watu wamejaa. Atagombezwa, na atastahili. Lakini ukimtoa yeye kwenye foleni ukaridhika, 1893 bado yuko pale, na kesho atakuja mzito mwingine. Makarani nao ndio wanaotazamwa na wateja, ndio wanaoambiwa "kaka, nyie mnatuchezea". Katika msururu wote, aliye mbali zaidi na lawama ni yule ambaye mkono wake umeshika.

Tena hapa tumezungumza kana kwamba ile swichi imewashwa. Kwa miaka mingi PostgreSQL imekuja ikiwa imeizima, na ofisi nyingi hazijui kama ipo. Bila swichi hiyo logi haina habari ya kufuli hata kidogo. Makarani wanabonyeza tena na tena, kila mbonyezo unafungua muunganisho mpya, hadi inafika miunganisho 100, ambayo ndiyo kikomo anachokikuta aliyesakinisha bila kugusa mipangilio. Hapo ndipo logi inaanza kupiga mayowe: wateja wamezidi, samahani, wateja wamezidi. Fundi mwenye haraka anasoma mstari wa mwisho, anapandisha kikomo kuwa 200, anarudi kwenye kiti chake. Amepanua ukumbi wa kusubiria.

Au anazima na kuwasha. Hii ndiyo dawa ya taifa. Nami siidharau, kwa sababu mama mwenye ada ya mtoto hana haja ya kujua nani ni 1893. Anataka hela yake. Ukizima, muamala uliolala unakufa, kufuli linaachiwa, kaunta zinafufuka, fundi anaonekana shujaa. Kilichopotea ni picha ya nani alikuwa amemshika nani, maana picha hiyo huishi kwenye kumbukumbu ya muda tu na hufa pamoja na mashine. Inahitaji dakika chache kuiuliza seva, kabla ya kuizima, ionyeshe kila kikao kiko katika hali gani, kilianza lini, kinazuiwa na nani. PostgreSQL ina hata chombo maalumu cha kufuata mnyororo huo mpaka mzizi wake. Dakika chache hizo ndizo ghali kuliko zote, kwa kuwa ndizo ambazo watu wamesimama wanakutazama.

Na ukishamjua, kuna fundisho la ajabu. Njia ya upole ya kumkatiza mtu ndani ya hifadhidata ni kuliomba ombi lake lisitishwe. Kwa 1893 njia hiyo haifanyi kazi. Hana ombi linaloendelea. Huwezi kumsimamisha asiyetembea. Kilichobaki ni kumkata kabisa, kikao kizima.

Wapo wanaochanganya jambo hili na lile la kufungana. Mama aliyeko Dareda anamtumia mwanawe mjini shilingi 20,000, na mwana, bila kujua, kwa sekunde ile ile anamtumia mama 5,000. Muamala wa kwanza umeshaifunga akaunti ya mama na unaitaka ya mwana. Wa pili umeifunga ya mwana na unaitaka ya mama. Hawatoki. Vitabu vya kompyuta hulifanya tatizo hili kuwa zimwi, lakini kusema kweli ndilo jepesi zaidi. Mashine huona duara ndani ya sekunde 1, huchagua mmoja wa kutoa kafara, humrudisha mwanzo, na huandika kisa chote kwenye logi kwa majina na maneno ya pande zote mbili. Anayefunga akaunti kwa mpangilio mmoja siku zote, tuseme yenye namba ndogo kwanza, halioni kabisa. Kumngoja 1893 hakuna duara, kwa hiyo hakuna hakimu anayeitwa. MySQL, kwa injini yake ya InnoDB, humkatisha anayengoja kufuli la rekodi baada ya sekunde 50. PostgreSQL isipoelekezwa vingine itangoja hadi meneja azike, ale ubwabwa wa msibani na kurudi.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakimo katika vitabu vya Wamarekani, nacho ni saa. Mteja anasema alituma saa sita na robo mchana. Seva nyingi zimewekwa saa ya dunia, ile ya Greenwich, na logi zake zinaandika 09:15. Karani anatazama, anasoma saa tatu na robo asubuhi, anamwambia mzee wa watu kwamba muamala wa saa sita haupo. Wote wawili wako sahihi na wote wawili wamekosana. Sisi tuko saa tatu mbele ya Greenwich, na tunahesabu saa zetu sita nyuma ya saa za mkononi, kwa hiyo kutoka mdomo wa mteja kwenda kwenye logi unaongeza tatu tu: sita na robo inakuwa 09:15. Ni hesabu nyepesi, na sijaona fomu yoyote ya malalamiko inayomkumbusha karani kuifanya. Nimewahi kufikiri kwamba nusu ya miamala inayosemekana haionekani ipo pale pale, imekaa kwenye saa yake, inamsubiri mtu anayejua kujumlisha.

Saa za mashine zina visa. Tokeni ya LUKU, zile tarakimu 20 tunazozibonyeza kwenye mita, hubeba ndani yake hesabu ya dakika tangu Januari 1, 1993, ili mita ijue ipi imekwisha kutumika na ipi ni mpya. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216, nazo zilikuwa zinakwisha Novemba 24, 2024, kwa mita za mfumo huo duniani kote. Ndiyo maana mwaka ule shirika la umeme, TANESCO, liliwataka wateja wabonyeze tarakimu 20, kisha 20 nyingine, ndipo zifuate 20 za umeme wenyewe. Wengi walinung'unika kwamba ni usumbufu. Mimi niliona ajabu kwamba kisanduku kile kilichopigiliwa ukutani, chenye vumbi la barabara, nacho kina daftari lake na tarehe yake ya kuanza dunia.

Nikija kwenye LUKU siwezi kuruka Mei 2021. Mfumo ulikwama nchi nzima kwa siku kadhaa. Watu walikaa gizani wakiwa na fedha kwenye simu, na foleni zikasimama kwenye ofisi za shirika la umeme. Waziri wa Nishati wa wakati huo, Medard Kalemani, aliagiza wakuu wa TEHAMA wa shirika wasimamishwe kazi. Sisemi walionewa, sikukaa mbele ya logi yao. Ninachokitazama ni hamu yetu sisi wasikilizaji. Tulipoambiwa nani amesimamishwa, tulipumua. Ilitosha. Mazungumzo ya nini kilishika nini, tangu saa ngapi, na kwa nini hakikuachia, hayakupata nafasi kwenye meza ya chai, na nadhani hata yangechapishwa gazetini tungeyaruka tukatafuta jina. Nchi yenye desturi nzuri ya kuunda tume kila treni au kivuko kinapopata ajali haijajenga bado desturi ya kusomewa logi.

Ununuzi mmoja wa umeme, kwa namna ulivyo sasa, hupita mikono mingi: kampuni ya simu, mfumo wa malipo wa serikali wa GePG ulioanza mwaka 2017, seva ya umeme yenyewe, na tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa humo humo. Kila mmoja ana hifadhidata yake, kufuli lake, logi yake. Hakuna kufuli linalowafunga wote. Ujumbe ukipotea kati ya mkono na mkono, wa kwanza hajui kama mwenzake ametenda au hakusikia. Gray alilieleza fumbo hili mwaka 1978 kwa majenerali wawili wanaotakiwa kushambulia pamoja. Kwa kawaida husimuliwa kwamba wako kwenye vilima viwili, na wajumbe wao hupita bondeni kwa adui. Haijalishi wametumiana wajumbe wangapi. Aliyetuma wa mwisho hajui kama amefika. Fumbo hilo halina suluhisho kamili, limethibitishwa hivyo, na kila siku hela yetu ya umeme inapita bondeni mle. Mwenyewe Gray, Januari 28, 2007, alitoka San Francisco peke yake kwa mashua kwenda visiwa vya Farallon kutawanya majivu ya mama yake. Hakurudi. Marafiki zake walipekua picha za setilaiti za bahari kwa msaada wa maelfu ya watu wa kujitolea. Haikupatikana mashua wala yeye.

Kwa kuwa bonde lipo, kinachobaki ni kumbukumbu namba: herufi na tarakimu zile kwenye meseji, zinazofanana kwenye logi ya kila mkono uliopitia, ili fundi wa huku na fundi wa kule wazungumze juu ya kitu kimoja. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 watu wengi hawakuwa na risiti ya kitu chochote. Leo wapo wazee Babati wasiofuta meseji ya malipo hata simu ikijaa. Wanafuta picha za wajukuu kwanza. Ukimwambia mmoja wao kwamba muamala hauonekani, anavaa miwani, anateremsha kidole taratibu, anakusomea namba, kiasi, tarehe na saa. Ana logi. Mara nyingi ni safi kuliko ya ofisi, maana haina kelele ndani yake. Na nimeona karani akibadilika sauti papo hapo: "Shikamoo mzee, hebu nisomee tena hiyo namba."

Yule fundi wetu wa kubuni, akishamkata 1893 na kaunta zikafunguka, ana kazi ndogo iliyobaki. Ataiwasha swichi ya kufuli. Ataiambia seva iandike kila anayeingia. Ataweka kikomo kwamba aliye ndani ya muamala bila kufanya lolote kwa dakika 10 atolewe nje, awe nani awe nani. Kikomo hicho nacho huja kimezimwa. Kazi ya kuongeza safu ataifanya usiku. Halafu wiki ijayo atapigiwa simu kutoka ofisi ya juu. Meneja atakuwa amekasirika, na kwa mara ya kwanza atakuwa na lalamiko lake mwenyewe la kuandikwa kwenye logi: ripoti yake siku hizi inajikata kila akitoka kunywa chai.